Unene Si wa Aina Moja: Somo la Kuutambua na Kujua Chanzo Chake

Katika vijiji vya Usukumani, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi, unene umehesabiwa kwa muda mrefu kuwa dalili ya neema. Mke aliyenawiri huwa sifa ya mumewe, na kijana aliyerudi na kitambi huambiwa kwamba mji umemkubali. Miaka ya kuenea kwa UKIMWI iliipa nguvu zaidi imani hiyo, kwa kuwa aliyekonda alitazamwa kwa mashaka, na wengi wakaogopa kupungua kuliko kunenepa. Siku hizi lugha imeanza kugeuka. Mtu mnene sasa huambiwa kuwa ni mlafi au mvivu, na katika magulio huuziwa unga na vidonge vinavyodaiwa kuyeyusha mafuta kwa siku chache.

Hukumu hizo mbili, ile ya sifa na ile ya lawama, zina kasoro moja. Zote huuchukulia unene kuwa kitu kimoja chenye sababu moja. Ukweli ni kwamba unene una aina nyingi na vyanzo vingi, na hatua inayomfaa mtu mmoja yaweza kumdhuru mwingine. Kwa hiyo mkazi wa Kata ya Nkololo anayetaka kulinda afya yake na ya jamaa zake anapaswa kuanza na swali hili: unene huu ni wa aina gani, na umetoka wapi?

Kipimo cha kwanza: uzito na urefu

Wataalamu wa lishe hutofautisha hali mbili. Ya kwanza ni uzito uliozidi, na ya pili ni unene uliokithiri, ambao katika elimu ya lishe nchini huitwa pia kiribatumbo. Hali hizo hupimwa kwa uwiano wa uzito na urefu. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Msingi wa hesabu hiyo uliwekwa na Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji, katika karne ya 19.

Chukua mfano wa mama mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60. Urefu wake ukizidishwa kwa wenyewe hupatikana 2.56. Kilo 80 zikigawanywa kwa 2.56 jibu ni 31.3. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtu mzima aliye chini ya 18.5 ana uzito pungufu. Kati ya 18.5 na 24.9 uzito wake ni wa kawaida. Kati ya 25 na 29.9 ana uzito uliozidi. Na kuanzia 30 ana unene uliokithiri. Unene uliokithiri nao una daraja tatu: la kwanza ni 30 hadi 34.9, la pili ni 35 hadi 39.9, na la tatu ni 40 na kuendelea. Mama wa mfano wetu yumo katika daraja la kwanza.

Hesabu hii haiwafai wajawazito, na watoto wana chati zao wenyewe zinazozingatia umri. Aidha, mbeba mizigo mwenye misuli mizito anaweza kupata namba kubwa ilhali hana mafuta ya ziada. Hiyo ndiyo sababu kipimo cha pili kinahitajika.

Aina kwa mahali mafuta yanapokaa

Mwaka 1947 daktari Mfaransa Jean Vague alieleza kwamba watu wawili wenye uzito sawa wanaweza kuwa na hatari tofauti kabisa, kutegemea mahali mafuta yao yalipojikusanya. Uchunguzi wa miaka iliyofuata umeithibitisha hoja hiyo.

Aina moja ni unene wa tumboni, ambao huonekana zaidi kwa wanaume na kwa wanawake waliokoma hedhi. Hapa mafuta hayakai chini ya ngozi pekee. Huzunguka ini, utumbo na kongosho. Mafuta ya mahali hapo humwaga kemikali katika damu na kuifanya insulini ishindwe kufanya kazi yake ya kuiingiza sukari katika seli. Huo ndio mlango wa kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu na magonjwa ya moyo.

Aina nyingine ni unene wa nyonga na mapaja, ambao ni wa kawaida kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mafuta haya hukaa chini ya ngozi na hatari yake kwa moyo ni ndogo zaidi, ingawa yakizidi mno huchosha magoti na kiuno.

Kipimo chake ni chepesi. Mtu apime kiuno kwa futi ya kamba ya fundi cherehani, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Hatari huanza kuongezeka kiuno cha mwanamke kinapozidi sentimita 80 na cha mwanamume kinapozidi sentimita 94. Asiye na futi atumie kamba ya kawaida: aikate sawa na urefu wake, aikunje mara mbili, kisha aizungushe kiunoni. Ikiwa ncha hazikutani, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na inafaa aende kupimwa. Mtu mwembamba wa mikono na miguu lakini mwenye kitambi anaweza kugundua hapa hatari ambayo mizani haikuionyesha.

Aina inayofanana na unene lakini si unene

Kabla ya kutaja vyanzo, kuna kosa moja linalogharimu maisha. Kuvimba si kunenepa. Mtoto mwenye mashavu yaliyojaa, miguu iliyovimba, nywele zilizobadilika rangi na asiye na raha anaweza kuwa na utapiamlo mkali uitwao kwashakoo. Mwili wake umejaa maji huku misuli ikiwa imekwisha. Mtu mzima anayeongezeka uzito ghafla na kuvimba miguu anaweza kuwa na ugonjwa wa moyo, figo au ini. Mjamzito anayevimba uso na mikono, akaumwa kichwa sana au kuona ukungu machoni, anaweza kuwa na kifafa cha mimba kinachokaribia.

Dalili ya kuitafuta ni hii: bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mbele wa mguu kwa sekunde chache. Shimo likibaki baada ya kuondoa kidole, hayo ni maji. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe zahanati siku hiyohiyo, asisubiri siku ya gulio wala mwisho wa mavuno.

Chanzo cha kwanza: chakula na kazi ya mwili

Unene mwingi hutokana na mwili kupokea nguvu nyingi kuliko unavyotumia, kidogo kidogo, kwa miaka mingi. Gramu moja ya wanga au protini ina kilokalori 4, ya pombe ina 7, na ya mafuta ina 9. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kilokalori zipatazo 120. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na gramu 35 au zaidi za sukari, yaani vijiko tisa hivi vya chai, na haimshibishi anayeinywa.

Ugali wa mtama au wa mahindi, mlenda, dagaa, maziwa, viazi vitamu na michembe havikuwanenepesha waliotutangulia, kwa kuwa vililiwa kwa kiasi na mafuta yake yalikuwa machache. Kilichobadilika ni kile kilichoongezwa juu yake: chipsi, maandazi na chapati za asubuhi, soda, juisi za pakiti, chai yenye sukari nyingi, na mboga inayoelea katika mafuta. Vyakula hivyo vinapatikana sasa katika kila kituo cha biashara, na mara nyingi tunda au mboga safi huonekana kuwa ghali kuliko andazi. Ni haki kusema kwamba chaguo la mtu hutegemea pia kile kilicho mbele yake na fedha aliyo nayo.

Wapo wanaosema, "Mkulima hanenepi." Kuna ukweli ndani ya kauli hiyo, lakini si wote. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer walichapisha matokeo ya kupima matumizi ya nguvu ya Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, jirani na Mkoa wa Simiyu. Wahadzabe hao waliishi kwa kuwinda na kukusanya matunda, mizizi na asali, na walitembea umbali mrefu kila siku. Hata hivyo, ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, nguvu waliyotumia kwa siku ilikaribiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaofanya kazi za kukaa. Mwili unaofanya kazi nyingi hujibana mahali pengine. Fundisho lake ni kwamba jembe peke yake haliwezi kufuta soda na chipsi. Kazi ya mwili hulinda moyo, huimarisha misuli na kushusha sukari ya damu, lakini chakula kina sehemu kubwa zaidi katika kuamua unene.

Pia kazi ya shamba ina majira. Wakati wa palizi mwili huchoka kutwa nzima. Baada ya pamba kuuzwa, fedha huwepo, sherehe huwa nyingi na kazi hupungua. Safari iliyokuwa ya miguu au baiskeli sasa ni ya bodaboda. Anayeendelea kula sahani ya msimu wa jembe katika miezi ya mapumziko huweka akiba ambayo mwili hautaitumia.

Chanzo cha pili: urithi na mwanzo wa maisha

Watu wawili wanaweza kula chungu kimoja, mmoja akanenepa na mwingine asinenepe. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kurithi. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake waligundua leptini, homoni inayotoka katika mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba inatosha. Wapo watoto wachache sana wanaozaliwa bila uwezo wa kuitengeneza; hao huwa na njaa isiyoisha na hunenepa sana tangu utotoni. Kwa watu walio wengi, urithi hauamui peke yake. Hufanya iwe rahisi zaidi kunenepa pale chakula kinapokuwa tele.

Mwanzo wa maisha nao huacha alama. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, magharibi ya Uholanzi ilikumbwa na njaa kali kutokana na vita. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1976 ulionyesha kwamba vijana ambao mama zao walikumbwa na njaa hiyo katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikuwa na unene uliokithiri zaidi kuliko wenzao. Mwili uliojengwa katika uhaba hujifunza kuweka akiba, na neema inapokuja huendelea na desturi hiyo.

Jambo hili linaigusa Tanzania moja kwa moja. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 uliwakuta watoto 34 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wakiwa na udumavu. Uchunguzi huohuo uliwakuta wanawake 28 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Mwaka 2010 walikuwa 22, na mwaka 2004/05 walikuwa 18. Kwa hiyo upungufu na uzidifu hukaa nchi moja, na mara nyingine nyumba moja: mama mnene na mtoto aliyedumaa wanaokula sahani iliyojaa wanga na mafuta lakini isiyo na maharage, mayai, mboga wala matunda. Anayemlisha vizuri mjamzito na mtoto wa leo huzuia udumavu, na wakati huohuo hupunguza unene na kisukari cha miaka 40 ijayo.

Chanzo cha tatu: maradhi na dawa

Unene mchache, lakini muhimu kutambuliwa, huletwa na ugonjwa. Tezi ya shingoni ikilegea, mtu huongezeka uzito, huhisi baridi, hufunga choo na kuchoka. Homoni ya kotiso ikizidi, uso huwa wa mviringo, tumbo hujaa na ngozi hupata michirizi ya zambarau, huku mikono na miguu ikiwa myembamba. Mwanamke mwenye vifuko vingi katika ovari anaweza kunenepa, kukosa hedhi na kuota nywele kidevuni. Hao wote hawahitaji kuhubiriwa juu ya ulafi, wanahitaji kupimwa.

Dawa nazo zina sehemu yake. Matumizi ya muda mrefu ya prednisolone au deksamethasoni hunenepesha, na ni hatari zaidi kwa wale wanaozinunua bila cheti ili wapate mwili. Insulini, baadhi ya dawa za kifafa na za magonjwa ya akili, na sindano ya uzazi wa mpango kwa baadhi ya wanawake, huweza kuongeza uzito. Hata dolutegravir, iliyomo katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinazotumiwa sana nchini, imeonekana kuongeza uzito kwa baadhi ya watumiaji. Hapa tahadhari ni moja: mtu asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Amweleze mtoa huduma, naye atatazama kama dawa inaweza kubadilishwa au mlo kurekebishwa. Kuacha dawa ya kifafa au ya virusi ghafla ni hatari kubwa kuliko kilo zilizoongezeka.

Kwa nini jambo hili haliwezi kungoja

Katika miaka ya 1980 madaktari walipowapima watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania, waliokutwa na kisukari hawakufika mmoja kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 uliwakuta watu 9 hivi kati ya 100. Tafiti hizo mbili hazikufanywa kwa njia moja, lakini mwelekeo wake uko wazi. Kisukari na shinikizo la damu havina kelele. Mtu hulima, hucheza ngoma na kusafiri huku mishipa ya figo na macho ikiharibika, na siku ya kwanza ya kujua huwa siku ya kiharusi au ya kidonda cha mguu kisichopona. Familia ndipo huuza ng'ombe kwa ajili ya safari za hospitali. Kwa uzito huo Serikali ilizindua, mwezi Novemba 2019, Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza.

Hatua zinazofaa

Mwenye unene uliokithiri hahitaji kurudi alivyokuwa akiwa na miaka 20. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunatosha kushusha shinikizo na sukari kwa kiasi cha kuonekana. Kwa mama wa kilo 80, hizo ni kilo 4 hadi 8, na inafaa zipungue kwa miezi, si kwa siku. Njia zilizothibitika ni hizi:

1. Kuacha soda na kupunguza sukari ya chai kijiko kimoja kimoja hadi ulimi uzoee.
2. Kupima mafuta ya mboga kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka kwenye chupa.
3. Kuijaza nusu ya sahani mboga za majani na matunda, robo ugali au wali, na robo maharage, choroko, dagaa, yai au nyama.
4. Kutembea au kuendesha baiskeli kwa dakika 150 kwa wiki, hasa katika miezi isiyo ya kilimo.
5. Kulala vya kutosha na kupunguza pombe, ikiwemo ya kienyeji.

Mjamzito na mama anayenyonyesha wasijinyime chakula. Mtoto mnene naye asinyimwe mlo. Anyimwe soda na biskuti, apewe nafasi ya kucheza, na uzito wake ufuatiliwe kwa kadi ya kliniki. Unga na vidonge vya kuyeyusha mafuta visivyo na usajili visitumiwe kabisa, kwa kuwa vingine huharisha tu na kumpunguzia mtu maji, na vingine hudhuru ini au moyo.

Huduma zilizo karibu

Uzito, urefu na shinikizo la damu hupimwa katika zahanati na vituo vya afya. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka, ni nafasi ya kupata ushauri wa lishe kwa kaya nzima. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kumwelekeza mkazi aliye mbali, na Afisa Lishe wa Halmashauri hutoa ushauri kwa anayehitaji maelezo ya kina. Anayeonekana kuwa na ugonjwa wa homoni hupewa rufaa kupitia hospitali ya wilaya na ya mkoa, na ikibidi hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza.

Anayekwenda kupimwa achukue dawa zote anazotumia, ataje lini uzito ulianza kuongezeka, na aeleze kama wazazi au ndugu zake wana kisukari au shinikizo. Majibu hayo matatu humsaidia mtoa huduma kujua unene ni wa aina gani kabla ya kushauri lolote.

Maswali ya kujadili katika kaya na vikundi

1. Kamba iliyokunjwa nusu ya urefu inawatosha kiunoni watu wazima wangapi katika kaya?
2. Ni chakula gani kimeongezeka mezani katika miaka kumi iliyopita, na kipi kimepungua?
3. Je, yupo aliyesifiwa kwa kunawiri ambaye huenda amevimba, au aliyelaumiwa kwa ulafi ambaye huenda anaumwa? Nani atamsindikiza zahanati?